Dokta kasema mama ana "protini zilizojikunja vibaya" kwenye ubongo, je aache maharage na dagaa?

kaka_wa_rangitatu:

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada wa maelezo, sio wa hela. Bimkubwa wangu ana miaka 68, tunakaa nae Mbagala Rangi Tatu. Mwaka juzi alianza kutetemeka mkono wa kulia tukajua ni presha au uchovu tu, baadae akawa anatembea taratibu kama mtu anaogopa kuteleza, ule mkono hauchezi akitembea, na mwandiko umekuwa mdogo mpaka daftari lake la vikoba hatulisomi tena. Majirani ndo usiseme, mara karogwa na wifi yake, mara kapitiwa na upepo mbaya. Baada ya kuzungushwa sana tukafika kwa dokta wa mishipa ya fahamu, akasema ni Parkinson, akamwandikia levodopa ile iliyochanganywa na karbidopa, na namshukuru Mungu mtetemo umepungua.

Sasa tatizo limekuja hapa. Dokta alikuwa na foleni ndefu nje, akatueleza haraka haraka kwamba kuna protini zimejikunja vibaya zinajikusanya kwenye seli za ubongo na seli zimeshindwa kuzisafisha. Basi, akaita mgonjwa mwingine. Dada yangu mkubwa alivyosikia neno protini tu, kwisha habari. Tangu tumetoka pale maharage marufuku, dagaa marufuku, mayai marufuku, mama ni ugali na mchicha na chai ya rangi huu mwezi wa pili, kapungua mpaka magauni yanampwaya. Nikiongea naambiwa "kwa hiyo wewe unataka umjazie mama protini kichwani?" Na juzi kaenda mbali zaidi, kamtengea mama kikombe chake na sahani yake eti wajukuu wasije wakaambukizwa, kuna klipu katumiwa kwenye grupu inasema hizo protini zinaambukiza kama za ule ugonjwa wa ng'ombe vichaa.

Mimi nimeishia kidato cha nne na biolojia nilipata D, siwezi kubishana nae. Naomba mwenye kujua anieleweshe kwa lugha ya kawaida, hiyo protini ni ipi, imetoka wapi, na hao wasafishaji wa kwenye seli wamegoma kwa sababu gani?

mzee_wa_feri:

Mrudishieni mama dagaa wake kwanza halafu ndo tuendelee na mada. Miezi miwili ugali na mchicha na umri huo, jamani!

dada_wa_darubini:

Mleta mada pole, na bimkubwa mpe pole zangu. Mimi ni mtu wa maabara sio dokta, dawa nawaachia wenyewe, ila hizo protini naweza kukueleza, tena kaa vizuri maana ni ndefu.

Neno lenyewe ndo limewaponza. Sote tumekua tunaambiwa kliniki kwamba protini ni maharage, nyama, mayai, vyakula vya kujenga mwili. Ni kweli, lakini protini ya dagaa haifiki kichwani ikiwa bado ya dagaa. Tumbo na utumbo vinaivunja mpaka vinabaki vipande vidogo vinaitwa amino asidi, kama ukuta uliobomolewa tofali moja moja, halafu kila seli inachukua matofali inajenga protini zake kwa ramani yake yenyewe, ambayo ndo jeni. Hiyo inayomsumbua mama inaitwa alfa-sinukleini na mwili wake ndo unaitengeneza. Mimi ninayo, wewe unayo, dada yako anayo. Inakaa zaidi kwenye ncha za seli za neva, pale ujumbe unapovuka kutoka seli moja kwenda nyingine, na ikiwa na umbo lake haina ugomvi na mtu.

Shida ni hilo umbo. Protini ikitoka kutengenezwa ni uzi tu, kama ukindu. Ukindu huukalii wala huusalii mpaka usukwe uwe mkeka. Christian Anfinsen alipata Nobel 1972 kwa kuonyesha kwamba ule uzi wenyewe ndani yake umebeba maelekezo ya namna ya kujikunja. Sawa, lakini yeye alifanya kwenye chupa ya maabara, kumetulia. Ndani ya seli ni kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, watu wamebanana, uzi huu unashikana na uzi ule kabla haujakaa sawa. Kwa hiyo seli imeweka wasimamizi wanaitwa shaperoni, na mimi nikifundisha wadogo zangu nawaambia hao ndo makungwi. Mwali anawekwa ndani, kungwi anakaa nae mpaka anyooke, kazi ikiisha kungwi anarudi kwake, haendi kuishi kwenye ile ndoa. Shaperoni nae anaishika protini changa isishikane na wenzake, ikikaa sawa anaiachia anashika nyingine, na hata protini ya zamani ikipinda anaweza kuirudisha unyagoni.

Mnajua jinsi walivyoanza kuwashtukia hawa makungwi? Mwaka 1962 Mtaliano mmoja, Ferruccio Ritossa, alikuwa anachunguza inzi wa matunda, joto la kile kikabati cha kutunzia likapandishwa bila yeye kukusudia, akaona kromosomu (zile nyuzi zinazobeba jeni) zimevimba sehemu mpya kabisa, yani kuna jeni zimewashwa na joto. Ilichukua miaka kuelewa kwamba seli ilikuwa inaita makungwi wa ziada, kwa sababu joto linakunjua protini. Hilo unaliona kila siku kwenye chipsi mayai: ute wa yai unaona mpaka upande wa pili, ukiumwaga kwenye kikaango unaganda mweupe, na hata uuweke kwenye friji mwezi mzima haurudi kuwa mbichi. Zimekunjuka, zimeshikana, ndo basi.

Sasa ikitokea protini imepinda na kungwi kashindwa, inapigwa X. Watu wa Kimara mpaka Kiluvya hapa hamna haja ya kufundishwa, bomoabomoa ya 2017 mnaikumbuka, nyumba ikipigwa X ujue inabomolewa. X ya seli ni kaprotini kadogo kanaitwa yubikwitini, na hakabandikwi kamoja tu, kanaunganishwa mnyororo, kawaida kuanzia vinne, ndo mashine ya kubomoa inaelewa kwamba hii ni ya kwangu. Mashine yenyewe inaitwa proteasomu, ina umbo la pipa na meno yako ndani ili isije ikatafuna wasiohusika. Ciechanover, Hershko na Rose walipewa Nobel ya kemia 2004 kwa kuugundua huu utaratibu wa X.

Lakini lile pipa mdomo wake ni mwembamba. Protini lazima ikunjuliwe iingie kama uzi. Zikishakuwa donge, hazipiti. Hapo inaitwa njia ya pili, otofajia, ambapo seli inatengeneza mfuko, inazungushia lile donge lote (au mtambo mzima uliochakaa, kama mitokondria, ile mitambo ya nguvu ya seli), inalifunga na kulipeleka kwenye lisosomu ambako kuna asidi na vimeng'enya vya kuyeyusha. Ndo gari kubwa la taka linapeleka dampo la Pugu. Yoshinori Ohsumi wa Japani alizipata jeni za hii kazi kwa kuchunguza hamira, hamira hii hii ya maandazi, akapewa Nobel 2016.

Umeuliza wamegoma kwa nini. Kiukweli wengine hawajagoma, wamezidiwa. Seli ya ngozi ikiwa na taka inagawanyika, taka zinagawanywa kwa mbili, kisha inachubuka inaenda zake. Seli ya ubongo ukishazaliwa nayo ndo hiyo mpaka uzeeni, haigawanyiki, miaka 68 ya mama ni miaka 68 ya taka za nyumba ile ile, na makungwi nao na umri wanapungua nguvu. Halafu angalia jiografia yake. Seli za dopamini (kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea) zinazokufa kwenye Parkinson zina matawi mengi ajabu, ukiyaunganisha inakadiriwa ni mita kadhaa, wakati lisosomu zenye makali zaidi ziko karibu na mwili wa seli. Taka imezalishwa Mbagala, dampo liko Pugu, na barabara ni moja.

Kuna jaribio moja napenda kulisimulia. Mwaka 2006 timu mbili za Kijapani zilizima jeni za otofajia kwenye neva za panya, moja ilizima ya Atg5 na nyingine Atg7. Panya hawakupewa protini yoyote mbaya, wala hawakuwekewa jeni ya ugonjwa wa binadamu. Wamezimiwa gari la taka tu. Wakaanza kutembea vibaya, na ndani ya neva madonge yenye X yakajaa, neva zikafa. Kwa hiyo hata mtaa wenye watu wasafi, gari lisipopita, mtaa unaoza.

Na kwa mama, Friedrich Lewy aliyaona madonge kwenye seli za wagonjwa wa Parkinson tangu 1912, ndo yanaitwa miili ya Lewy. Ilibidi kusubiri mpaka 1997 kujua kwamba yamejaa alfa-sinukleini. Na ukiyapima unaikuta yubikwitini imebandikwa. Yani X imepigwa, gari halikuja.

Mpinzani_wa_Kudumu:

Maelezo matamu dada, nakupa maua yako. Ila nina swali la kichokozi. Kama kila kitu kinajulikana, makungwi, X, gari la taka, Nobel tatu nne, mbona dawa ya kuponya hakuna? Mama wa watu anapewa levodopa ambayo ipo tangu wazee wetu vijana. Mi naona hawa wanasayansi wanajua kusimulia tu.

mama_dukaladawa:

Kabla hamjaanza ubishi naomba nimsaidie mleta mada kwenye chakula, maana hilo haliwezi kusubiri. Nimehudumu dirisha la dawa miaka mingi.

Alichosema dada wa darubini ni sahihi, maharage hayaendi kugeuka madonge kichwani. LAKINI dada yako mkubwa kuna sehemu kagusa ukweli bila kujua. Levodopa yenyewe kikemia ni amino asidi. Inapotoka kwenye utumbo kuingia kwenye damu inapanda gari moja na amino asidi za chakula, na inapotoka kwenye damu kuingia ubongoni inapanda tena gari la aina hiyo hiyo. Sasa mama akimeza kidonge pamoja na bakuli la maharage na samaki, abiria wanakuwa wengi kituoni, dawa inasukumwa inabaki. Wagonjwa wengine wanakuja kwangu wanasema "dawa siku hizi haifanyi kazi mchana", ukiuliza unakuta anaimeza katikati ya mlo wa nyama.

Kwa hiyo protini mama anazihitaji, tena watu wa Parkinson wanapungua uzito kirahisi na misuli ikiisha ndo kuanguka kunapoanzia. Cha kupanga ni saa. Kawaida tunawaambia kidonge kimezwe kama nusu saa kabla ya kula, au saa moja na zaidi baada ya kula, na maji ya kutosha. Kama kinamletea kichefuchefu, hasa mwanzoni, anaweza kushika na kitu kikavu kama biskuti au kipande cha mkate mtupu, sio glasi ya maziwa. Kuna ambao dawa ikishaanza kuwaishia nguvu katikati ya siku, dokta anawapangia protini nyingi wale mlo wa jioni, lakini hiyo ipangwe na dokta wake, usimpangie wewe wala mimi. Na dawa isikatishwe ghafla hata siku moja, hiyo ni hatari kweli kweli.

Mwambie dada yako sio mjinga, kasikia nusu tu.

babu_daktari:

Mwanangu kaka wa Rangi Tatu, kuhusu kikombe. Mimi nimestaafu lakini hili naweza kulijibu nikiwa nimelala. Parkinson haiambukizi kwa kikombe, sahani, kukumbatiana, mate wala kulala kitanda kimoja. Wajukuu wakae na bibi yao.

Klipu imechanganya mambo mawili. Kuna magonjwa ya prioni, ambapo protini iliyopinda ikikutana na nzuri inaipindisha nayo. Stanley Prusiner ndiye aliyeyapa hilo jina 1982 na wenzake wakamcheka sana kabla hajapewa Nobel 1997. La ng'ombe vichaa ni mojawapo, na lingine ni kuru, lililowamaliza watu wa Fore huko Papua New Guinea kwa sababu kwenye mazishi walikuwa na desturi ya kula maiti wa ndugu zao, ubongo ukiwemo. Desturi ikakoma, ugonjwa ukaisha taratibu. Sasa ni kweli watafiti wanaona alfa-sinukleini nayo inaweza kuhama seli hadi seli ndani ya ubongo wa mtu yule yule. Mwaka 2008 iliripotiwa kwamba wagonjwa waliopandikizwa seli changa za ubongo zaidi ya miaka kumi nyuma, zile seli changa nazo zilikutwa na miili ya Lewy. Lakini hiyo ni ndani ya kichwa kimoja. Kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu kupitia kikombe cha chai, hapana.

Na habari ya wifi kuroga naomba iishe humo ndani. Huku kwetu wagonjwa wengi hawafiki hospitali kwa sababu hiyo. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai kule Kilimanjaro ukipita nyumba kwa nyumba uliwakuta watu wenye Parkinson ambao wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote wanaumwa nini.

dada_wa_darubini:

Mpinzani swali lako sio la kichokozi, ndo swali lenyewe. Kwanza tusiibeze levodopa, tangu miaka ya 1960 imewanyanyua watu waliokuwa wameganda kama magogo. Ila haigusi taka, inarudisha dopamini iliyopungua tu, ni kama mtaa umefurika taka wewe unawapelekea watu maji safi ya kunywa. Wanayahitaji, ila taka iko pale pale.

Kwa nini kusafisha kumekuwa kugumu, mi naona sababu kubwa ni kwamba mpaka leo wenyewe wanabishana kama lile donge ndo mhalifu. Kuna kazi ya 2004 kuhusu Huntington (huo ni ugonjwa wa kurithi, protini yake ni hantingtini, jeni yake ilipatikana 1993). Walikuwa wanafuatilia neva moja moja kwenye darubini siku baada ya siku, wakakuta zile zilizotengeneza donge kubwa ziliishi muda mrefu zaidi kuliko ambazo protini mbaya ilikuwa imezagaa tu. Fikiria mtaani kwako, taka zilizokusanywa kwenye kichuguu kimoja zinanuka na zinachukiza macho, lakini zilizozagaa ndo zinaziba mtaro na mvua za Aprili zinakuingiza maji sebuleni. Wengi siku hizi wanashuku zaidi vile vikundi vidogo vidogo vya protini kabla havijawa donge. Sasa kama dawa yako inasafisha kichuguu na kuacha mitaro imeziba, umefanya nini?

Kwenye Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, wamefika mbali kidogo. Alois Alzheimer alieleza mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1906, na huko madonge ni ya aina mbili, beta-amiloidi nje ya seli na tau ndani. Dawa inayoitwa lecanemab, iliyoidhinishwa Marekani 2023, kweli inaondoa amiloidi, ukipiga picha ya ubongo unaona imepungua sana. Kuporomoka kwa mgonjwa kulipungua kasi kwa 27% ndani ya miezi 18. Hakukusimama. Na wengine wanavimba au kuvuja damu kidogo ubongoni, kwa hiyo ni vipimo kila mara. Upande wa Parkinson dawa mbili za mtindo huo dhidi ya alfa-sinukleini majibu yake yalitoka 2022, hazikufikia lengo lake kuu. Mimi binafsi naamini zaidi kwenye kulitengeneza gari la taka kuliko kuzoa kwa mikono, ila huo ni upande wangu.

Sababu nyingine, njia za kufika huko ni nyingi mno. Kuna familia moja Iowa, Marekani, iliripotiwa 2003, wao jeni ya alfa-sinukleini walikuwa nayo mara tatu kwenye kromosomu moja. Protini yao haikuwa na kasoro hata moja, ni nyingi tu, na wakapata Parkinson mapema. Wengine tatizo ni parkini, jeni iliyopatikana Japani 1998, yenyewe ndo kazi yake kubandika X, hasa kwenye mitokondria zilizochakaa. Wengine ni GBA1, jeni ya kimeng'enya cha mle ndani ya lisosomu, na hii sisi Waafrika inatuhusu, kwa sababu mwaka 2023 utafiti uliokuwa na watu wengi kutoka Nigeria ulikuta badiliko la GBA1 ambalo liko kwa watu wenye asili ya Afrika na kwa Wazungu ni nadra mno. Miaka yote hiyo lilikuwepo, halikuonekana kwa sababu sampuli walikuwa wanachukua kwao.

Kwa hiyo wote tunaita Parkinson, lakini huyu taka zimezidi, huyu mpiga X mgonjwa, huyu dampo limeharibika. Kidonge kimoja kitawatosha vipi?

Mpinzani_wa_Kudumu:

Hapo kwenye mitaro umenimaliza, mimi nakaa Jangwani, mafuriko nayajua. Naweka silaha chini kwa leo.

mtoto_wa_kkoo:

Wakuu mbona mnazunguka, dawa ipo na ni ya hapa hapa. Upupu. Kuna mzee Kariakoo anauza unga wa mbegu za upupu, anasema unatoa sumu zote kichwani na mtetemo unaacha siku hiyo hiyo. Mleta mada nichek nikuelekeze.

mama_dukaladawa:

Mtoto wa Kariakoo, nusu kweli tena, leo ni siku ya nusu kweli.

Mbegu za upupu zina levodopa ndani yake, tena nyingi, hilo halina ubishi na limejaribiwa hospitali, kuna utafiti wa 2017 uliofanyika Bolivia ambapo wagonjwa walipewa unga wa upupu uliopimwa na mwili ulinyooka kama kwa kidonge. Ndo maana mzee wako anaona watu wanaacha kutetemeka siku hiyo hiyo. Haitoi sumu yoyote wala haisafishi protini, ni dawa ile ile mama anayoimeza sasa hivi, ila haina karbidopa ya kuikinga isivunjwe njiani kabla ya kufika ubongoni, na kijiko cha leo hakilingani na cha kesho. Mama akimeza kidonge na upupu juu yake, dozi imepanda bila mtu kujua, presha inashuka, anaanza kuona watu wasiokuwepo, anarusha viungo hovyo, halafu mtasema wifi kaongeza nguvu. Kama mnataka kuujaribu mwambieni dokta kwanza.

Na kabla mwingine hajaleta, ambroxol, ile ya kikohozi, ni kweli inajaribiwa Uingereza kwa Parkinson kwa sababu inakisaidia kile kimeng'enya cha GBA1 alichosema dada. Lakini kipimo wanachotumia kinapita cha kikohozi zaidi ya mara kumi na bado wanapima kama inasaidia. Msije kunimalizia chupa dukani.

kaka_wa_rangitatu:

Wakuu sina la kuwalipa. Nimemsomea dada uzi wote jana usiku, nilianzia kwa mama wa duka la dawa pale alipoandika "sio mjinga", nikajua nikianzia kwingine atanyanyuka. Kwenye kungwi alicheka, kwenye X akanyamaza, nyumba ya mkwe wake ilikuwa Kimara. Leo asubuhi mama kameza kidonge saa kumi na mbili na nusu, saa moja na dakika kama kumi kaletewa chai na mayai mawili, na mchana kuna maharage ya nazi jikoni naisikia harufu hapa nilipo. Kikombe bado kakitenga, ila ameacha kuwafokea watoto, tutafika.

Swali la mwisho naombeni. Mama nae alikuwa anasikiliza, akasema miaka kama sita nyuma wali uliungua jikoni yeye kakaa hapo hapo hakusikia harufu, tukamcheka sana siku hiyo. Na marehemu baba alikuwa anamlalamikia kwamba anapiga mateke usingizini. Vinahusiana au ni uzee tu?

dada_wa_darubini:

Vinahusiana sana, na siwashangai mlicheka, kila familia inacheka. Kupoteza harufu, kupiga mateke na kupiga kelele ndotoni, na kukosa choo, vinaweza kutangulia mtetemo kwa miaka mingi. Heiko Braak na wenzake walipendekeza 2003 kwamba madonge kwa wengi yanaanzia sehemu za chini za ubongo na za kunusia, halafu yanapanda. Mpaka mkono unaanza kutetemeka, karibu nusu ya zile seli za dopamini, au zaidi, zimeshaondoka. Ndo maana watafiti wanawatafuta watu wa mateke ya usingizini, hao bado gari la taka linaweza kuwahiwa.

Muulize choo anapata vizuri? Wanawake wa umri wake hawasemi mpaka waulizwe, na tumbo likiwa zito dawa nayo inachelewa kufika inapofyonzwa. Mkirudi kliniki mtaje hilo kabla dokta hajaita mgonjwa mwingine.